Upande wa Kushoto wa Sinia

Timbwani, Likoni. Jumatano, mawingu tangu alfajiri na mvua hainyeshi.

Dada Mwanaisha,

Leo nimeogopa. Naandika na mkono bado unatetemeka, na hata huo mtetemo nauchunguza: ni mkono wa kulia, kwa hiyo kama ni ugonjwa, basi uko upande wa kushoto wa ubongo. Ndivyo nilivyokuwa tangu ulipotutoka. Kila asubuhi natabasamu mbele ya kioo nione kama midomo iko sawa. Nanyanyua mikono yote miwili. Nasema jina langu kwa sauti. Mama hunisikia, huendelea na kazi zake.

Tangu arobaini yako ipite tulikuwa tukila kwenye sahani, kila mtu na yake. Leo mchana Mama akaliteremsha lile sinia la maua. Akapakua wali wa nazi, akaumwagia mchuzi wa samaki changu niliopika, tukakaa mkekani, yeye huku na mimi mkabala wake.

Nilipoinua macho nikaona. Mama alikuwa amekula mbele yake na kulia kwake. Kushoto kwake wali umesimama kama ukuta, haujaguswa hata punje.

Nikalirudisha tonge siniani.

Wewe wajua kwa nini. Mwingine akiisoma barua hii huenda hajui.

Siku zile za mwisho kabla hatujakupeleka hospitali, ulianza kuacha upande wa kushoto wa sinia. Sisi tumelelewa kula kilicho mbele yetu, mtu asipeleke mkono kwa mwenziwe, basi tukaona ni adabu. Mama akakusifu: "Mwamuona Mwanaisha anavyomwachia nduguye?" Nami nikakila ulichoniachia. Mkono wako wa kushoto ulilala pajani, nao hatukuuliza habari zake, maana mkono wa kushoto kwenye sinia hauna kazi. Na ulikuwa ukizungumza vizuri, ukinitania kuwa napika kama ninayemkomoa mtu. Nani angedhani ni kiharusi?

Mpaka siku ulipouinua mkono ule kwa mkono wa kulia, ukaniambia, "Zuhura, toa mkono wako hapa, wanilemea."

Ulikuwa mkono wako.

Jirani akanong'ona kuwa ni jini. Wallahi, nami niliamini kidogo.

Hospitalini ulikula nusu ya sahani, ukasema umeshiba. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, akaizungusha ile sahani bila neno. Ukashangaa: "Kumbe kulikuwa na samaki!" Ukala ukamaliza. Kisha akatutoa nje mimi na Mama, akatueleza huku akigusa kichwa chake mwenyewe kwa kalamu. Upande wa kulia wa ubongo huuongoza mwili wa kushoto, na wa kushoto huuongoza wa kulia. Karibu na panja la kushoto, kwa watu wengi, ndiko maneno yanakotungwa, ndiyo maana yako yalibaki. Kisogoni ndiko macho yanakopeleka habari zake. Na juu ya sikio la kulia, kuelekea nyuma, kuna mahali panapotunza upande wa kushoto wa dunia: mkono, ukuta, mtu aliyekaa. Mshipa unaopeleka damu hapo ulikuwa umeziba.

Macho yako yalikuwa mazima. Nusu ya dunia ndiyo iliyofutika, na aliyefutiwa hajui kwamba kuna kilichofutwa.

Hilo ndilo linalonitisha. Hakuna maumivu ya kumwambia mtu. Siku moja nilikaa kushoto kwa kitanda chako, nimekushika mkono, ukamgeukia Mama upande wa pili ukamwambia, "Zuhura leo hakuja."

Kiharusi cha pili kilipiga chini, kwenye shina la ubongo, panapolinda kumeza na pumzi. Hapo hapakuwa na sahani ya kuzungusha.

Kwa hiyo leo nilipouona ule ukuta wa wali, nilianza kumpima Mama kama ninavyojipima kila asubuhi.

"Mama, hebu tabasamu."

"Nitabasamu nini? Wanilisha mchuzi hauna chumvi, kisha wataka nicheke?"

"Nakuomba, Mama. Na mikono, inyanyue yote miwili."

"We mtoto, wanipima bangili?" Lakini aliinyanyua, vidole vina wali, na ilikuwa sawa. Midomo nayo ilikuwa sawa. Sikuamini. Wewe pia ulikuwa ukitania hivyo hivyo. Nikashika ukingo wa sinia nikaanza kulizungusha, ule upande wenye wali uje mbele yake.

Akalizuia. Kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, akalirudisha lilivyokuwa.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Hapo ni pa Mwanaisha."

Ndipo nikakumbuka mahali ulipokuwa ukikaa: kushoto kwa Mama, nami kushoto kwako.

Nikaliachilia sinia. Alasiri nilimpeleka kupimwa presha hata hivyo, akinung'unika njia nzima kuwa nimekuwa askari. Presha iko juu. Ameongezewa dawa, na ameambiwa arudi Ijumaa. Mkono wake u mzima, na macho yake yanaona pande zote. Lakini ile presha haikusema uongo, na mimi sasa najua mshipa mwembamba waweza kubeba nini. Najua zaidi ya nilivyotaka kujua.

Kesho nitapakua tena kwenye sinia. Mama akiacha upande wa kushoto, nitamtazama vizuri kwanza, kisha nitauacha.

Nawe, dada, huko uliko, nikumbuke. Hata nikiwa nimekaa kushoto kwako.