Maneno Niliyokulisha Baba

Baba,

Miezi minane umelala nyuma ya nyumba, na bado tunabishana. Nimechoka, nakwambia ukweli. Nilidhani angalau kaburi lingekunyamazisha.

Mdogo wako Onchiri amepatikana na ugonjwa uleule wako, saratani ya damu. Amepangiwa matibabu yaleyale mawili ya pamoja: dripu ya kingamwili, halafu sindano ya kuamsha kinga ya mwili. Dripu amekubali. Sindano amekataa katakata. Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Hiyo sindano ndio ilimaliza ndugu yangu. Dawa gani inaleta homa badala ya kutoa?"

Hayo ya homa ni maneno yako. Uliyasema kwenye kituo cha majani chai, ukayarudia kanisani, ukayapeleka hadi sokoni Keumbu, mpaka Gesima yetu nzima ikayajua. Sasa yanatembea bila wewe, na mimi ndiye ninayeyakimbiza.

Nilikueleza mara ngapi? Homa ile ilikuwa kinga yako ikiamka. Wewe uliuza mikaratusi maisha yako yote. Mnunuzi anakuja na kopo la rangi, anatia alama miti yake, anaondoka. Kuna mti uliowahi kuanguka kwa sababu ya rangi? Dripu inatia alama seli mbaya. Sindano ndiyo inayoita wenye misumeno. Ulicheka, ukasema nimekuelewesha kuliko daktari. Halafu siku ya sindano ya pili ukaenda kupogoa chai badala ya kwenda hospitali. Mtu mzima, mwenye akili zake.

Nakasirika, kisha naikumbuka ile homa yenyewe. Meno yakigongana, mablanketi matatu, na wewe ukiniomba msamaha kwa kunisumbua. Nina hamu na wewe, Baba. Hata na ubishi wako.

Jumamosi nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta akimenya viazi, mikono imekonda. Nikamwambia kwamba wiki yako ya mwisho uliniita karibu na kitanda ukasema, "Nilikosea. Mtu wetu mwingine akipata huu ugonjwa, asikatae sindano."

Aliweka kisu chini. "Ni yeye alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

Nikasema ndiyo.

Hukusema. Wiki ile hukusema lolote ila kuomba maji. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba marehemu halishwi maneno, kwa sababu hawezi kujitetea. Lakini ningefanya nini? Mimi hanisikii. Daktari hamsikii. Anakusikia wewe tu.

Jumanne alidungwa. Jioni homa ikampanda, nikakaa naye, nikimbadilishia kitambaa cha maji. Hakulalamika. Alisema tu, "Kama ndugu yangu alikubali alikosea, mimi ni nani." Nilitoka nje nikalia karibu na zizi.

Sijui kama atapona. Daktari mwenyewe anasema dawa hizi zikiwa pamoja bado zinachunguzwa, na si kila mtu zinamsaidia. Lakini sasa anajaribu.

Pumzika, Baba. Naahidi nitampeleka kila siku ya sindano mpaka ya mwisho, na uongo huu nitaubeba peke yangu. Hata Mama hajui. Ipo siku mtaonana na mdogo wako, nami naomba isiwe karibuni. Atakushukuru kwa maneno yale. Mwitikie tu. Usinikane.

Binti yako,
Kemunto