Nilimpigia Mjomba Simu Ili Mume Wangu Ahamishwe Kutoka Muhoroni

Mpendwa Shangazi Maximilla, nakuandikia nikiwa na furaha na woga kwa pamoja, naomba unisaidie kabla bodi ya kazini kwa mume wangu haijakutana mwisho wa mwezi.

Niliolewa wiki tisa zilizopita na mwanamume ambaye nikimtaja jina natabasamu hata nikiwa peke yangu dukani, anaitwa Gordon Ooko, ni mrefu, mpole, anaimba besi kwenye kwaya, na mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Nyamasaria, ambapo nyumba yetu tumeipaka rangi ya maziwa sisi wawili tukiwa tumevaa mashati yake ya zamani. Gordon ni mkaguzi katika shirika la serikali linalokagua mizani, na wamempeleka Muhoroni kwenye miwa, ahakikishe trekta la mkulima likipanda juu ya mizani uzito unaosomwa ndio uzito wenyewe. Anaipenda kazi hiyo, Shangazi, yaani hata siku ya kununua nyama ya harusi alimwomba mchinjaji kwa heshima zote arudishe kwanza mshale wa mizani kwenye sifuri, wazee wangu kutoka Bungoma wakacheka hadi wakatafuta pa kukaa, nami nikajua nimepata mtu. Kila Ijumaa anakuja na sukari guru iliyofungwa kwenye gazeti, ananiita Nyar Bungoma, yaani binti wa Bungoma, maana kwao mke huitwa kwa alikotoka, halafu Jumapili jioni anaondoka tena na nyumba inabaki kubwa kama uwanja wa mpira.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mjomba wangu Khaemba ni mkubwa katika wizara kule Nairobi, na siku ya harusi alisema mbele ya watu wote kwamba mpwa wake akikwama apige simu, na kwa kuwa nilijua shirika la Gordon liko chini ya wizara hiyo hiyo, nikaona serikali ni nyumba moja, mwenye sebule ndiye mwenye jikoni, basi bila kumwambia Gordon nikapiga.

"Mjomba, nirudishie mume wangu Kisumu."

Mjomba akacheka. "Hilo tu? Nilidhani unataka kujengewa daraja la mto. Hiyo ni barua ya mistari miwili."

Nilicheza peke yangu katikati ya vitambaa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunakula samaki na ugali, Gordon akaanza kunipa habari za kazini huku akitabasamu. "Nyar Bungoma, kuna mtu kwetu amemtumia mkubwa wa wizara amtafutie uhamisho. Mkurugenzi ametuita sote. Anasema shirika letu lilitengwa na wizara kwa sheria, lina bodi yake, na anayetaka kuhamishwa kwa barua za Nairobi atajieleza mbele ya bodi siku ya kututhibitisha sisi wapya."

"Hakumtaja jina?"

"Hakumtaja. Amempa nafasi ajitokeze mwenyewe." Akanichagulia mnofu mzuri akauweka upande wangu wa sahani. "Mimi namhurumia tu. Mtu mzima anashindwaje kujaza fomu?"

Mwiba ulinikwama papo hapo, Shangazi. Alinipigapiga mgongoni, akanilisha tonge kubwa la ugali, na jinsi alivyozidi kuwa mpole ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema. Bado yuko kwenye majaribio, bodi isipomthibitisha kazi imekwisha, naye anaamini huyo mtu ni mwingine. Je, nikae kimya nikitumaini barua itapotea, kwa maana karatasi za serikali hupotea, au nimwambie na nihatarishe jinsi anavyoniangalia? Anavyoniangalia, Shangazi, sijui kama utaelewa.

Mimi wako,
Lornah wa Nyamasaria

MAXIMILLA ANAJIBU

Lornah mwanangu, naelewa. Mimi nimeolewa miaka thelathini na mmoja, na bado mzee wangu huniangalia vizuri sana akiwa anatafuta miwani yake. Majina yenu nimeyabadilisha, kwa sababu wewe uliniandikia hata saizi ya viatu vya mume wako, nami nikaikata.

Sasa ngoja nikugombeze. Wizara inapanga sera. Kuajiri, kuhamisha na kuachisha kazi ni mambo ya shirika lenyewe, na sheria iliyaweka huko makusudi. Mfikirie mkulima aliyekaa foleni na trekta lake tangu alfajiri. Anakubali uzito anaousoma Gordon kwa sababu Gordon si mtu wa kiwanda, si mtu wa waziri, si mtu wa yeyote. Wewe kwa simu moja ukamfanya mtu wa mjomba. Ulipanda juu ya mizani ya mume wako, tena kwa miguu yote miwili.

Barua haitapotea. Zinazopotea ni zile za kukufaa.

Kwa hiyo Ijumaa hii mwambie akiingia tu, kabla ya samaki, tusipate mwiba mwingine. Usilie kwanza, usimzungushe. Sema: "Yule mtu unayemhurumia ni mke wako." Kisha nyamaza umwache akasirike, ana haki ya jioni moja. Mwanamume anayemwomba mchinjaji arudishe mshale kwenye sifuri bila kumtukana hatakutupa kwa kosa la kumpenda vibaya.

Mjomba naye usimlaumu, alifanya ulichomwomba. Mshukuru, kisha umwombe mistari miwili mingine: kwamba ombi limeondolewa, na kwamba Gordon hakuomba wala hakujua. Jumatatu Gordon aende kwa mkurugenzi kwa miguu yake, na nakala ya mistari hiyo mkononi. Mkurugenzi aliyesema mtu ajitokeze ameacha mlango wazi, na wanaoingia mapema husikilizwa vizuri zaidi. Wewe usimsindikize. Wala usimpelekee mkurugenzi samaki, maana nakujua sasa.

Imebaki ile nyumba kubwa kama uwanja wa mpira. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema cherehani yako imejengewa sakafuni kwa saruji. Sikupaona. Muhoroni watu wanaoana, watoto wanavaa sare, na wake za madereva wa trekta wanapenda gauni kama wewe. Nyumba ya rangi ya maziwa ipate mpangaji, wewe ufunge vitambaa vyako na kumfuata mume aliko. Uhamisho wako wewe, Lornah, haungoji bodi, wizara wala mjomba. Hauna hata fomu.