Kiondo Kikae Mapajani

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumanne, baada ya alasiri.

Dada yangu Ndinda,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishuka basini Mwembe Tayari ni kuufuata mzigo wao. Hawachagui teksi. Wanachaguliwa, na anayewachagulia ni yule aliyelipokea begi lao kwa maneno matamu kabla miguu yao haijagusa chini. Nimeanza na hili kabla ya salamu, nawe unajua si desturi yangu, kwa sababu nachelea ukisikia salamu tu utamwambia Loise aikunje barua.

Sasa nikusalimu inavyostahili. U hali gani, dada? Kile kikohozi cha alfajiri kimepoa? Mvua ya Mutomo imeshuka, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto ambalo limegombana na ngazi za nyumba hii. Nawe Loise, mkwe mwema, nakusalimu kwa macho yako unayomwazima mama. Msomee polepole. Usiruke neno, hata utakapofika mahali ambapo wewe mwenyewe utatamani kuruka.

Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Loise alinieleza yote. Ulikuja kufanyiwa upasuaji wa jicho nami niko Kinango kwenye hitima ya mjomba. Safari ya kutoka Mwembe Tayari hadi kliniki ya Kizingo, ambayo mtu hamalizi kifuko cha njugu njiani, wewe ilikuchukua karibu alasiri nzima. Dereva alikuambia barabara imefungwa, akakuzungusha, na ingawa huoni vizuri ulisikia upepo wa bahari ukakupiga usoni na harufu ya mihogo ya kuchoma, ukajua mmefika Mama Ngina na mmeipita kliniki. Ulipofika, daktari ameondoka. Nauli iliyotajwa langoni, kiondo chako kikiwa bado kimefungiwa ndani ya buti, ilimega fedha za upasuaji. Ukarudi kukaa kwenye benchi la ofisi ya basi mpaka basi la kwenu lilipoondoka, na hukunipigia hata mlio mmoja.

Loise alisema kilichokuuma zaidi si fedha. Ni kwamba yule dereva alikuwa akikuita mwaitu, mama yangu, akazungumza nawe Kikamba safi njia nzima, akakuuliza habari za mvua na mbaazi, nawe ukamwombea heri. Ukasema hukanyagi tena Mombasa. Ukasema bora giza kuliko kuchezewa na mtu uliyemwita mwanangu.

Hilo la giza, Ndinda, silikubali. Nimekwenda kliniki nikaketi na muuguzi Truphosa mpaka akanieleza kama mtu anayeeleza darasa la tatu. Presha ya macho haimrudishii mtu alichokwisha poteza. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia bado lina mwanga wa kukutosha kuona mlango, uso wa mjukuu na maandishi makubwa ubaoni, na upasuaji ni wa kuulinda mwanga huo, hauongezi mwingine. Daktari anarudi mwezi ujao. Ukikosa safari hii pia, Truphosa hakuthubutu kuniahidi kitu. Nafasi yako anaishikilia mpaka Ijumaa. Barua hii naituma kwa basi, itakufikia Alhamisi.

Kwa hiyo nilifanya nilichokuwa nikifanya kabla ya kufundisha somo nisilolijua: nilikwenda kulisoma kwanza. Mkabala na ofisi ya basi lenu kuna mama anayeuza chai na mahamri, jina lake Jael, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Nilikaa pale asubuhi nzima nikiangalia watu wakishuka. Alinivumilia vya kutosha, kisha akaniuliza kama nimekuja kunywa chai au kusimamia mtihani, maana kikombe kimekauka na jicho langu halitoki barabarani. Nilipomweleza sababu, akanijazia kikombe bila malipo, akamwita mchukuzi mmoja wa mizigo, Crispus, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akamwambia amfundishe mwalimu.

Na Crispus akanifundisha bila haya hata kidogo. Alisema yeye hamtafuti abiria, anautafuta mzigo wake, kwani abiria ana miguu na atakuja mwenyewe. Akiutia mzigo ndani ya buti, dereva anampa chake, na hicho chake dereva hakitoi mfukoni mwake. Anakiongeza kwenye nauli. Nilimwuliza kama abiria hulijua hilo. Akacheka, akasema abiria akijua, yeye atakula nini, mwalimu, chaki?

Nikamwuliza kwa nini watu hawaulizi bei kabla ya kupanda. Jibu lake nimelibeba hadi leo. Alisema wenye kelele huuliza. Wasiouliza ni watu wa heshima. Mtu akishaitwa mama, akapokewa mzigo, akapewa pole ya safari, anaona kumwuliza bei ni kama kumtukana, basi husema tutaelewana na kuingia. Hapo nilijiona mimi, nikakuona wewe, na wote tuliolelewa kuamini kwamba kutaja fedha mbele ya mtu aliyekusalimu vizuri ni utovu wa adabu. Si kweli kwamba uliibiwa kwa sababu u mgeni, au kwa sababu huoni. Uliibiwa kwa sababu una adabu, na wenye kazi ile wanaijua bei ya adabu kuliko sisi.

Siku iliyofuata nilikwenda kujaribu. Nilivaa buibui la zamani, nikachukua kikapu chenye kabichi na nazi mbili, nikajichanganya na watu wanaoshuka kwenye basi la bara. Mchukuzi asiyenijua akalishika pindo la kikapu na kunipa pole ya safari. Nikamwambia ahsante mwanangu, kikapu hiki kimenizoea. Akavuta, nikavuta. Jael akapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba wakiipasua nazi ya mwalimu wataikuna wao. Dereva wa kwanza akanifungulia mlango, akasema ingia mama, tutaelewana. Nikamjibu nikiwa nimesimama kwamba tuelewane papo hapo, wote wawili tukiwa kivulini, kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza magazeti. Akawaambia wenzake huyu mama katoka kortini. Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini sikuingia. Alipotaja bei nikamwambia hiyo ni ya kwenda Malindi na kurudi. Wa pili, mtu mpole aitwaye Bramwel, akataja bei ile ile aliyonitajia Jael asubuhi. Hapo ndipo nilipoketi, kikapu mapajani, nikamwambia apite barabara ya Digo kisha ashike Nyerere mpaka Kizingo. Akaniuliza kama ninamtahini. Nikamwambia ndiyo. Akafaulu.

Sikwambii umtafute Bramwel. Leo yupo, kesho huenda yuko Likoni. Ninachokupa ni njia ambayo itakufaa kwa dereva yeyote, na unaiweza hata ukiwa umefumba macho yote mawili. Kabla hujaondoka kituoni, mwulize bei mtu ambaye hauzi safari: muuza chai, muuza magazeti, karani wa basi. Yeye hana anachopata kwa kukudanganya. Kiondo usikiachie mkono, na ukiingia kikae mapajani, kisipande buti, kwa sababu mtu aliyefungiwa mzigo wake hana nguvu ya kubishana. Bei itajwe ungali umesimama nje, kwa sauti, na uulize kama ni ya gari zima au ya kichwa, na kama mchukuzi yumo ndani yake. Noti zako ziwe ndogondogo, maana wengi wao hukosa chenji wakifika, hata kama waliondoka nayo. Mtajie barabara utakazopita kabla hajawasha gari. Ukisikia upepo wa bahari kabla ya kufika, mwambie asimame, ushuke hapo hapo penye watu. Na akikuita mama, mwitike vizuri, halafu umwulize bei. Salamu na bei zinakaa pamoja bila kugombana. Umri wote huu sikuwahi kulijua hilo, nimefundishwa na mchukuzi.

Loise, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Nilipokuwa naagana na Crispus nilimwuliza kama anamkumbuka mama wa Kikamba mwenye kiondo cha mistari myekundu, asiyeona vizuri. Alimkumbuka, kwa kuwa kiondo alikibeba yeye. Nikamwuliza dereva wake alikuwa Mkamba gani. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema yule si Mkamba hata kidogo, ni Mdigo wa hapa hapa, ila anazungumza Kikamba mpaka akina mama wanamtemea mate ya baraka. Kisha akanitajia jina bila kujua anamtajia nani. Jael alijua, maana nilikuwa nimemtajia jina la mwanangu. Aliinamia jiko lake, akawa anapuliza makaa yaliyokwisha kuwaka.

Ni Tsuma, Ndinda. Mwanangu Tsuma.

Kikamba hicho alikipata kwako. Nilipopelekwa Mutomo kufundisha, mtoto mgongoni na sijui hata pa kuteka maji, ni wewe uliyetupa chumba. Mwezi wa Ramadhani uliamka kabla yangu kuniwashia jiko la daku, wewe Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Tsuma alikula muthokoi wako wa mahindi na maharagwe kwenye sahani ya wanao, na mwaitu wa kwanza maishani mwake alimwita wewe. Ndilo neno hilo alilokuuzia.

Nilimwita nyumbani. Alikuja na haluwa kama kawaida yake. Nikamwambia aiache mlangoni. Nilimwuliza kama alimpeleka mama mmoja kwenye kliniki ya macho. Akasema anapeleka wengi. Nikataja jina lako. Akakaa chini sakafuni, ingawa viti vilikuwepo.

Aliniambia hakukujua njiani. Amekuwa mtu mzima na wewe umezeeka, na miaka imepita. Alikujua langoni, bei akiwa ameshaitaja, pale askari alipokuuliza jina ukajibu Mwalimu Ndinda wa Mutomo. Alitaka kukurudishia, lakini kukurudishia ni kujitaja, na kujitaja aliona haya. Basi akapokea, akafungua buti, akakuwekea kiondo miguuni na kuondoka. Kisha akanieleza kwamba gari si lake, kwamba mwenye gari anadai hesabu kila jioni, kwamba wachukuzi wanamkamua. Nilimwacha amalize. Nikamwambia yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo deni la Ndinda.

Hakulala usiku ule kabla ya kuzitafuta fedha alizokutoza. Fedha zako zote nimezituma jana kwenye simu ya Loise. Si zawadi wala si sadaka, ni zako, usiniambie ahsante.

Amenisihi aje akupokee na kukupeleka bure kila siku ya matibabu. Nimekataa. Hilo si langu kulipanga, wala si lake. Msamaha pia sikuombei kwa ajili yake. Akiutaka atauomba mwenyewe, kwa Kikamba kile kile, siku utakayotaka kumsikia. Usipotaka kumsikia kamwe, sitakuuliza sababu, na mlango wangu hautakuwa mwembamba kwako kwa hilo. Nilifikiri kukuficha jina lake mpaka upone. Nikaona nikikuficha, nami nitakuwa nimekuzungusha.

Lakini jicho si la Tsuma, Ndinda, na si la Mwembe Tayari. Ni lako. Mkasirikie mwanangu, nikasirikie mimi niliyemlea, na uje huku ukiwa umekasirika. Hasira haizuii upasuaji, nimemwuliza Truphosa.

Siku utakayoshuka nitakuwa kwa Jael. Ukitaka mkono, mkono upo. Ukitaka kupatana na dereva mwenyewe, nitasimama kando na sitafungua mdomo, hata ukikosea. Chumba cha chini nimekipaka chokaa, na goti langu limefurahi kwamba nitalala huko pamoja nawe.

Nisalimie wazee wa kanisa wanaonikumbuka, watoto wote bila kubagua, na majirani wa upande wa kisima. Jael anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema mahamri yako yapo. Mungu akutunze na akutie nguvu ya safari.

Nafasi yako ni mpaka Ijumaa. Leo, kabla Loise hajaikunja barua hii, mpe simu ampigie Truphosa, na umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba unakuja.

Mimi nduguyo,
Mejumaa