Ukuta Ulioachwa Juani

Shimba Hills, 6 Januari 2024

Shemeji Munyoki,

Salamu za mwaka mpya. Hapa tu wazima, ila Jecinta bado anaamka akimwita baba yake. Ukunda hamjambo?

Wazee wa ukoo watarudi baada ya Pasaka. Wakikuta nyumba, shamba la marehemu kaka yako litabaki langu na mtoto. Wasipoikuta, litakuwa lako. Mawe siyawezi. Wewe umejenga nyumba za magunia ya udongo kule Diani, na marehemu alikuamini. Nifundishe, sijawahi kujenga hata banda la kuku.

Shemeji yako,
Kavenya

Ukunda, 10 Januari

Shemeji,

Sisi wazima. Mtoto mpe pole.

Chimba msingi mpaka udongo mgumu, magunia ya kwanza yajaze kokoto. Juu yake tumia udongo mwekundu wenye mchanga, uliolowana kidogo. Finyanga donge, lidondoshe. Likivunjika vipande vichache, unafaa. Jaza, laza, shindilia. Kila safu itandazie waya wa miiba, magunia yasiteleze. Ukimaliza, usipige plasta. Acha jua liukaushe ukuta hadi Pasaka.

Shemeji yako,
Munyoki

Shimba Hills, 3 Machi

Shemeji,

Habari za huko? Sisi kwema, mikono tu imechubuka. Kuta zimefika juu ya mlango. Jirani yangu Mwanatumu alipita akaniuliza, "Kavenya, unajenga nyumba au unaficha unga?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Lakini magunia ya upande wa magharibi yanachanika nikiyagusa. Nipige plasta?

Shemeji yako,
Kavenya

Ukunda, 6 Machi

Shemeji,

Hatujambo. Ni ukavu tu huo. Usipige.

Munyoki

Shimba Hills, 12 Aprili

Shemeji,

Hujambo? Sisi tu hai.

Mvua ya Jumamosi ilipasua magunia, udongo ukamwagika, ukuta ukalala. Jumatatu wazee walifika, wakatazama, wakaondoka.

Jana Mwanatumu alinipeleka Diani kwenye zile nyumba. Mlinzi alisema magunia ya nailoni huliwa na jua, na kwamba wewe mwenyewe uliamuru yafunikwe turubai tangu siku ya kwanza.

Niambie tu kwamba ulisahau.

Kavenya

Ukunda, 15 Aprili

Shemeji,

Barua imefika. Nyumbani sote wazima kabisa.

Sikusahau.

Nitakuja mvua ikikatika. Jecinta ni mtoto wa ukoo, atakaa kwangu. Wewe kwenu ni Kitui; nauli nitakupa.

Shemeji yako,
Munyoki