Mche wa Mwaka Jana

Shoga, uko? Mwenzio nina la kukusimulia.

Leo kiwandani tumepanda miti, si unajua, ile ya kila mwaka ya kupigia picha. Bosi kashika jembe, mimi kamera. Kuchimba tu, kikaibuka kijiti kikavu.

Mche wa mwaka jana. Shimo lile lile. Na bado umevaa mfuko wake wa nailoni, shoga. Hakuna aliyeuvua.

Bibi jirani, yule ambaye kisima chake kimekauka tangu tuanze kuvuta maji ya kiwanda, akasema taratibu, "Wanangu, nyie hampandi. Mnazika."

Bosi akaniambia, "Piga picha, tuondoke."

Mnazika. Neno haliniachi.

Sasa nimekaa nazikuza hizo picha. Mche wa leo nao una nailoni.