Bibi Hajakoma

Chumba namba nne, ghorofa ya pili
Jumanne, 10 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Mtoto wa dada yako amefikisha kilo saba na gramu mia mbili. Amesema muuguzi wa kliniki leo asubuhi, baada ya kumpima mara mbili. Wewe hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila goti langu linagombana na ngazi.

Nimeanza na uzito kwa sababu mwezi jana ulikuwa kilo sita na nusu. Mtoto alikataa uji, na muuguzi alisema usipopanda, atalazwa. Kiwandani dada yako alipewa ruhusa ya mwezi mmoja tu. Mtoto akilazwa, kazi imekwenda.

Wiki ileile mama yako alikwenda hospitali kwa yale majoto ya ghafla. Daktari, kijana mpole, akamwambia, "Mama, umekoma." Alikusudia hedhi, mama yako akasikia tusi. Alirudi amenuna, akafunga sanduku alilokuja nalo kwetu kumsaidia dada yako kulea. "Kama nimekoma, mnaning'ang'ania ya nini? Narudi kwangu."

Nami nilikuwa nimetoka kumhoji mwalimu wa biolojia wa chuo kwa ajili ya gazeti. Wanyama wengi wa kike, alisema, huzaa karibu hadi mwisho wa uhai. Wanawake, na nyangumi wa aina chache, huishi miaka mingi baada ya uzazi. Baadhi ya wataalamu wanadhani bibi wa kale, akiisha kuacha kuzaa, alichimba mizizi akalisha wajukuu, na wajukuu hao ndio waliopona wakatuzaa sisi. Wapo wanaobisha.

Nilimsomea mama yako daftari zima, wabishi wakiwemo. Akasikiliza, mkono juu ya sanduku.

"Na huyo nyangumi mwenzangu, naye aliambiwa akome?"

"Hakuambiwa, dada."

"Basi lete bakuli."

Kumbe mtoto hakukataa uji, alikataa kijiko cha chuma. Mama yako humlisha kwa kidole, mara sita kwa siku: "Meza, bosi, foleni ndefu!" Majoto bado yanampanda. Hujipepea kwa gazeti langu, eti sasa limepata kazi.

Mtoto bado mwepesi kwa umri wake, muuguzi hakuficha. Lakini neno la kulazwa amelifuta kwenye kadi.

Mama yako na dada yako wanakusalimu. Nisalimie mkeo. Mungu akulinde kazini na njiani.

Dada yako anarudi kiwandani Jumatatu tarehe 16, saa moja asubuhi.

Akupendaye kama mwanawe,
Mjomba