Bahasha Niliyoifungua

Mwanangu Jovelyn,

Hujambo huko Winnipeg na baridi yake? Baba yako hajambo, ila kikohozi bado. Bibi anakusalimu, kaka yako Nonoy anakusalimu, na nguruwe wetu kazaa saba.

Mwanangu, nimekosea. Ile barua ya hospitali yetu kuhusu kazi yako hapa, ambayo ilitakiwa iwafikie watoa leseni huko ikiwa na muhuri na haijaguswa, niliifungua. Niliogopa jina lako likikosewa watakunyima hata hiyo leseni ya uuguzi wa ngazi ya chini. Kusoma kukanishinda, nikampa Mwalimu Nenita. Akasoma, akanitazama.

"Dada, kumbe marehemu mtoto wa Milagros alizidishiwa dawa? Zamu ilikuwa ya Jovelyn."

Hukuniambia. Milagros hajui. Kila asubuhi akipita hapa huniuliza, "Nesi wetu anaendeleaje?" Nami hucheka naye. Tangu juzi namsikia mtoto wake akilia jikoni kwangu, mchana kweupe, wali ukiwa motoni.

Nilirudi hospitalini kwa mkuu wa wodi kuomba barua nyingine. Kanicheka: "Mama, hii sasa ni ya kufungia karanga!" Kisha akashusha sauti, akasema ataandika nyingine, na safari hii mtoto hatatajwa. Nikamwomba asubiri hadi Jumatatu.

Leseni yako naitaka, mwanangu, kuliko unavyodhani. Lakini kesho asubuhi Milagros atapita tena. Nijibu upesi, kabla ya Jumatatu: nimwambie mkuu aandike yenye mtoto, au isiyo na mtoto?

Mama yako akupendaye,
Consolacion